NBA : Chris Paul, mwongoza mchezo aliyezeeka akigawana mpira na mastaa

Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja mwaka 2020, timu ya Phoenix Suns ilimchukua Chris Paul kutoka Oklahoma City. Alikuwa na miaka 35, mwili ulioumia mara nyingi, na mshahara wa zaidi ya dola milioni 41 kwa msimu huo peke yake. Wengi walishangaa. Phoenix ilikuwa haijafika kwenye mechi za mchujo kwa misimu 10 mfululizo, na tena nyumba hiyo ilikuwa tayari na mwenyewe : Devin Booker, kijana wa miaka 24, aliyekuwa ametoka kufunga wastani wa pointi 26,6 kwa mechi.

Swali lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu. Mpira ni mmoja. Nani ataushika ?

Katika mpira wa kikapu, mwongoza mchezo, yule vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanamuita meneur, ndiye anapandisha mpira, anaita mpango na kuamua nani apokee wapi. Timu ina sekunde 24 tu za kutupa. Staa wa siku hizi naye hakai pembeni kungojea pasi : anataka kuanza na mpira mkononi, amuangalie mlinzi wake machoni, achague mwenyewe. Ukiweka watu wawili wa namna hiyo pamoja, mmoja akidunda mpira, mwingine anasimama kwenye kona mikono kiunoni. Mlinzi wake anamuacha na kwenda kusaidia wenzake. Timu imenunua mastaa wawili, lakini uwanjani anaonekana mmoja.

Chris Paul alilijua tatizo hilo kabla ya kufika Phoenix. Alikuwa amekwisha kuliishi Houston.

Houston : kupokezana zamu

Mwezi wa sita mwaka 2017, Paul aliwaacha Los Angeles Clippers na kujiunga na Houston Rockets. Huko alimkuta James Harden, ambaye msimu uliotangulia alikuwa wa kwanza katika NBA kwa pasi za kikapu, 11,2 kwa mechi. Kocha Mike D'Antoni ndiye alikuwa amemfanya Harden kuwa meneur, na mpango ulikuwa umefaulu. Sasa analetewa meneur mwingine, tena mmoja wa wakubwa wa kizazi chake.

D'Antoni hakujaribu sana kuwachanganya. Aligawa saa. Mechi ina dakika 48. Wawili hao walianza pamoja, kisha mmoja akatoka mapema na kurudi wakati mwingine anapumzika, hata karibu kila dakika Houston ilikuwa na kichwa kimoja kikubwa uwanjani. Timu pinzani ilipofikiri sasa inapata pumzi kwa sababu Harden ameketi, ilimkuta Paul anapandisha mpira kuelekea kwa Clint Capela, yule pivo aliyezaliwa Uswisi kwa baba wa Angola na mama mwenye asili ya Congo, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka na kupachika pasi za juu.

Matokeo yalikuwa ushindi 65 na kushindwa mara 17, rekodi bora ya NBA msimu huo. Harden alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka 2018. Katika fainali ya Magharibi dhidi ya Golden State, Houston ilikuwa mbele kwa ushindi 3 kwa 2. Lakini mwishoni mwa mechi ya tano Paul aliumia msuli wa nyuma ya paja, akakosa mechi mbili zilizobaki, na Houston ikapoteza zote mbili. Katika ile ya saba, wachezaji wake walikosa mitupo 27 ya pointi tatu kwa mfululizo. Ni vigumu kutazama kipindi hicho bila kujiuliza mtu mmoja wa kutuliza mchezo angebadili nini.

Mwaka uliofuata dawa ilianza kupoteza nguvu. Harden alifunga pointi 36,1 kwa mechi, sehemu kubwa yeye na mlinzi wake peke yao huku wenzake wanne wakitazama. Kupokezana zamu kuna faida, lakini hakufundishi watu wawili kucheza pamoja. Mwezi wa saba mwaka 2019 Houston ilimpeleka Paul Oklahoma City na kumchukua Russell Westbrook. Mtu wa miaka 34, watu walisema amekwisha. Oklahoma City ilifika mchujo na kuisumbua Houston hiyo hiyo hadi mechi ya saba.

Phoenix : Booker anaanza kukimbia

Phoenix ilifanya jambo tofauti, na namba moja inalieleza vizuri kuliko maneno mengi. Kabla ya Paul kufika, Booker alikuwa anatoa pasi za kikapu 6,5 kwa mechi. Msimu wa kwanza na Paul, zilishuka hadi 4,3. Pointi zake zilishuka kidogo tu, kutoka 26,6 hadi 25,6. Kwa maneno mengine, staa alikubali kuacha kazi ya kupika na kubaki na kazi ya kumaliza sahani. Si wote wanaokubali. Na magazeti yanahesabu.

Haikuenda vizuri siku ya kwanza. Baada ya mechi 16 Phoenix ilikuwa na ushindi 8 na kushindwa mara 8. Kocha Monty Williams, aliyekuwa amemfundisha Paul huko New Orleans miaka 10 nyuma, alitaka mchezo wa haraka wa kichwa : mchezaji akipokea mpira, ndani ya nusu sekunde awe ameamua, atupe, atoe pasi au aingie ndani. Paul ni kinyume cha hayo. Yeye anapenda kuushika mpira, kuuchungulia uwanja kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua, kurudi nyuma hatua mbili, kisha kuanza upya. Ilibidi kila upande usogee kidogo.

Namna walivyosogea inaonekana ukitazama miguu ya Booker. Zamani alipandisha mpira mwenyewe na kuwakuta walinzi watano wamekwisha kujipanga. Na Paul, alianzia kwenye kona bila mpira. Mwenzake mrefu alisimama kama ukuta, Booker akapita akimgusa bega, na mlinzi wake akagonga ukuta huo. Alipopokea pasi, mlinzi alikuwa hatua moja nyuma. Kazi iliyokuwa inamchukua sekunde 8 za kudunda ikawa ya sekunde 2. Mtu aliyefunga pointi 70 katika mechi moja mwaka 2017 hakuhitaji zaidi ya hapo.

Upande mwingine, Paul na pivo Deandre Ayton walikuwa na mchezo wao. Ayton anamwekea ukuta mlinzi wa Paul, Paul anapita upande wa kulia, anapunguza mwendo ghafla na kumweka mlinzi nyuma ya mgongo wake. Hapo mlinzi wa Ayton ana mateso : akibaki nyuma, Paul anatupa kutoka umbali wa mita nne au tano, mahali anapopapenda kuliko pengine pote, akisogea mbele, mpira unaruka juu ya kichwa chake na Ayton anaupachika. Akija mtu wa tatu kusaidia, Mikal Bridges au Jae Crowder yuko kwenye kona peke yake. Msimu huo Ayton alifunga zaidi ya mitupo 6 kwa kila 10. Kijana aliyekuwa chaguo la kwanza mwaka 2018, na aliyelaumiwa sana, alionekana mtu mwingine. Kwa kweli alikuwa yule yule. Alikuwa tu anapata mpira wakati unaofaa.

Na Houston haikusahauliwa kabisa. Paul alipoketi, Booker aliushika mpira mwenyewe kama zamani. Hilo lilikuja kuokoa timu.

Bega, virusi na pointi 47

Phoenix ilimaliza na ushindi 51 na kushindwa mara 21, ya pili Magharibi. Katika mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya Lakers ya LeBron James, Paul aliumia bega la kulia. Kwa siku kadhaa alikuwa anatoa pasi kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono unaouma. Hapo ilionekana kama mpango wote umejengwa juu ya mtu mmoja mzee au la. Jibu lilitoka kwa Booker : katika mechi ya sita, huko Los Angeles, alifunga pointi 47 na Lakers wakaenda nyumbani.

Baada ya kuifagia Denver kwa mechi 4 bila jibu, Phoenix ilikutana na Clippers katika fainali ya Magharibi bila Paul, aliyewekwa kando mechi mbili kwa sababu ya kanuni za Covid-19. Booker alishika usukani. Mechi ya kwanza alimaliza na pointi 40, ribaundi 13 na pasi za kikapu 11, mara ya kwanza maishani mwake kufikisha tarakimu mbili katika vyote vitatu. Phoenix ilishinda zote mbili. Kisha Paul alirudi, na katika mechi ya sita, kwenye uwanja wa timu yake ya zamani, alifunga pointi 41 na kuingia fainali ya NBA kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16 ya kazi.

Fainali yenyewe iliuma. Phoenix ilianza kwa ushindi 2, kisha Milwaukee ya Giannis Antetokounmpo ikashinda 4 mfululizo. Katika mechi ya nne Paul alipoteza mpira mara 5 na kufunga pointi 10 tu. Jrue Holiday alimkaba kuanzia nusu ya uwanja wake, kila mara, bila huruma. Hiyo ndiyo bei ya kumkabidhi mpira mtu wa miaka 36 : kijana mwenye nguvu akimchosha mwezi mzima, mikono inachelewa. Mwaka uliofuata ilikuwa vivyo hivyo. Ushindi 64, rekodi ya klabu, Paul wa kwanza katika NBA kwa pasi 10,8, halafu Dallas ikawatoa katika raundi ya pili, mechi ya saba, Phoenix nyumbani, 123 kwa 90.

Wakongomani wawili njiani

Katika msimu huo wa ushindi 64, mwanzoni mwa mwaka 2022, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alipewa mkataba wa siku 10 Phoenix. Alikuwa hajacheza tangu mwanzo wa msimu, baada ya kufiwa na baba yake. Siku 10 zilikuwa msimu mzima. Biyombo hakuwahi kuwa mfungaji. Anaweka ukuta, anaruka, anazuia. Lakini kwa pivo wa namna hiyo hakuna zawadi kubwa kuliko meneur anayejua ni sekunde gani umeanza kuruka. Mshahara wake wa msimu huo, karibu dola milioni 1,3, aliutoa wote kwa ujenzi wa hospitali nchini Congo kwa kumbukumbu ya baba yake.

Wa pili ni Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma. Msimu wa 2023-2024 Paul alifika Golden State, kwa Stephen Curry, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya NBA akakubali kuanzia benchi. Kati ya mechi 58 alizocheza, alianza 18 tu. Kazi yake ilikuwa kuongoza kikosi cha pili na kulinda mpira wakati Curry anapumzika. Kuminga alimaliza msimu na wastani wa pointi 16,1. Ingekuwa uongo kumpa Paul sifa zote : sehemu kubwa ya kupanda kwa Kuminga ilikuja wakati Paul alikuwa nje na mkono uliovunjika. Na Golden State haikupita mlango wa mchujo. Kuwekwa pamoja na mzee mwenye akili si dawa ya kila ugonjwa, na Curry, anayekimbia bila mpira kuliko staa mwingine yeyote, hakuwa na tatizo ambalo Paul alikuja kutibu.

San Antonio ilikuwa na tatizo hilo. Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Congo, alikuwa amecheza msimu wake wa kwanza akikosa mtu wa kumpa mpira mahali pazuri. Msimu wa 2024-2025 Paul alicheza mechi zote 82 na kuanza zote, akiwa na miaka 39, pasi 7,4 kwa mechi. Mwezi wa pili Wembanyama alisimamishwa na damu iliyoganda kwenye bega, na mpango ukakatika katikati. Mwezi huo huo Biyombo naye alifika San Antonio, akamkuta tena mtu wa kumrushia pasi za juu.

Mwezi wa saba mwaka 2025 Paul alirudi Clippers, kwenye klabu aliyoifanya kubwa zamani. Aliyeshika mpira huko alikuwa James Harden. Paul alicheza mechi 16, dakika chache, na mapema mwezi wa kumi na mbili, timu ikiwa imeshinda mechi 5 kati ya 21, viongozi walimwambia arudi nyumbani.