Merkato ya katikati ya msimu: Uvira yabishana juu ya Mazembe, Yanga na tiketi ya Guadalajara

UVIRA, Kivu ya Kusini – Mabishano ya mpira yamerudi kwenye avenyu za Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Hayakurudi peke yake, yalirudi pamoja na wakaaji. M23 walipoingia mjini mwezi wa kumi na mbili 2025, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, mpaka ukafungwa, na siku zile hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuliza mchezaji gani amehama wapi. Mwezi wa kwanza mwaka huu waliondoka. Sio wote waliokimbia wamerudi. Lakini waliopo hapa wameanza tena pale walipoachia: nani ameuzwa, nani amenunuliwa, na kwa nini ekipe yangu haifanyi kitu wakati yako inajaza wachezaji.

Huu ndio wakati wa merkato ya katikati ya msimu. Sheria ya FIFA inaruhusu kila shirikisho kufungua vipindi viwili vya kuandikisha wachezaji kwa mwaka, kimoja kabla ya msimu na kingine katikati. Ng'ambo ya ziwa, Watanzania wanakiita hiki cha pili dirisha dogo. Uvira inatumia maneno yote mawili, mara nyingine katika sentensi moja, kwa sababu mji huu unafuata shampiona mbili kwa mara moja.

Asiyejua pwani hii ya Tanganyika anaweza kushangaa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1500 kutoka hapa. Kigoma iko kwenye maji yale yale tunayofulia nguo, na maboti yanakwenda huko na kurudi. Tena mchezo wa Dar es Salaam unatangazwa kwa Kiswahili kutoka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, wakati Linafoot unaisikia kwa Kifaransa na Kilingala. Ndiyo maana kijana wa Mulongwe anaweza kuwa mtu wa TP Mazembe kwa sababu baba yake alikuwa hivyo, na papo hapo akawa mtu wa Yanga kwa sababu ya redio na simu. Jirani yake ni Vita Club na Simba. Wakikaa kwenye nyumba moja ya video, mwenye nyumba anapaswa kuwa na subira.

Na mwaka kwa mwaka shampiona hizi mbili zinagongana kwenye jambo moja: wachezaji wetu wanavuka ziwa. Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe walitoka Vita Club kwenda Yanga mwaka 2020. Mwaka uliofuata wakafuata Fiston Mayele na Djuma Shaban, nao wakitoka Vita. Henock Inonga alitoka Motema Pembe kwenda Simba. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu mwaka 2023, na Chadrack Boka akatoka Lupopo mwaka 2024, wote wawili kwenda Yanga.

Hao wengi waliondoka msimu ukiwa umekwisha, na hapo kelele ni kidogo. Kelele kubwa ni kwa wale wanaoondoka katikati. Jean Baleke alikuwa mshambulizi wa Mazembe. Mwezi wa kwanza 2023 akaenda Simba kwa mkopo, na magoli yake yakaanza kuingia upande wa pili wa ziwa. Mwaka 2024 akavaa jezi ya Yanga. Elie Mpanzu, mtoto wa Vita Club, alianza kuichezea Simba mwezi wa kumi na mbili 2024, katika dirisha dogo, na mwezi wa tano uliofuata alikuwa kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambayo Simba ilipoteza mbele ya RS Berkane. Warundi nao wana mfano wao. Saido Ntibazonkiza alitoka Geita Gold kwenda Simba katikati ya msimu wa 2022-23 na akamaliza na magoli 17, sawasawa na Mayele wa Yanga. Wawili hao walilingana kileleni mwa wafungaji wa Tanzania, Mrundi mmoja na Mkongomani mmoja. Kwa watu wa Uvira, ambao Bujumbura ni karibu kwao kuliko Bukavu, mwaka ule ulikuwa wa raha.

Washabiki wa Linafoot wanasema kwa uchungu kwamba hii ni kunyonywa. Shampiona yetu inachezwa kwanza kwa makundi, mashariki na magharibi, halafu zilizo mbele zinakutana kwenye plei-ofu ya kutafuta bingwa. Ukimtoa mshambulizi mwezi wa kwanza, umeitoa ekipe meno kabla nyama haijafika mezani. Wale wa upande wa Dar wanajibu kwamba mchezaji ana tumbo na familia, kwamba msimu wa 2022-23 Linafoot ilianza na haikupata bingwa kabisa, na kwamba mtu hawezi kumfunga kijana kwenye shampiona isiyojulikana itakwisha lini. Hili la pili ni gumu kulijibu. Mayele aliondoka Vita, akafunga magoli 7 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, akauzwa Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ambayo Pyramids ilishinda. Angebaki Kinshasa kungoja plei-ofu, hayo yote yangepatikana wapi?

Lakini wazee wa mpira wanakumbuka kwamba mto huu uliwahi kutiririka kinyume. Mwaka 2011 Mazembe, wakiwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo na wametoka kucheza fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter Milan, walikutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa. Waliitoa. Ndani ya michezo ile waliona kijana mmoja wa Simba anayeitwa Mbwana Samatta, wakamnunua. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, akafika Lubumbashi mwaka huo huo. Samatta alikaa mpaka Mazembe iliposhinda Ligi ya Mabingwa ya 2015, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani, na mwezi wa kwanza 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Naye pia katikati ya msimu. Mtu wa Mazembe anayelia leo juu ya Baleke anapaswa kukumbuka kwamba Simba pia walilia siku moja.

Na hadithi ya 2011 ina mkia ambao vijana wengi hawaujui. Simba, baada ya kutolewa, walipeleka malalamiko CAF: Mazembe walikuwa wamemchezesha Janvier Bokungu, ambaye mkataba wake na Espérance ya Tunisia ulikuwa na shida. CAF ikakubali. Mabingwa watetezi wakaondolewa kwenye mashindano, sio kwa goli, ila kwa karatasi. Simba wakapewa nafasi ya kucheza mchezo mmoja wa mtoano na Wydad ya Morocco, wakafungwa 3-0. Kila mara mtu anaposema merkato ni pesa tu, mimi nafikiri juu ya faili ya Bokungu.

Maana upande wa karatasi ndio unaotugusa sisi wa Uvira kuliko tunavyodhani. Mji huu hauna ekipe inayogombea ubingwa wa Linafoot. Una vijana. Wanacheza kwenye viwanja vya udongo, pengine karibu na mito ile ile iliyobomoa nyumba mwezi wa nne 2020, na mwenye bahati anapanda kwenda Bukavu, Goma, Lubumbashi au Kinshasa. Sheria ya FIFA inasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujakwisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea, kuanzia mwaka aliofikisha miaka 12 mpaka alipofikisha 23. Klabu zote, hata ile ya kartie. Tangu mwezi wa kumi na moja 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kupitisha malipo hayo ili yasipotelee njiani.

Ila pesa inafuata maandishi. Kama kijana wa miaka 14 alicheza misimu mitatu Kasenga bila leseni, bila jina lake kuandikwa kwenye ligi ya eneo, basi kwenye kitabu cha FIFA misimu ile haikuwapo. Klabu kubwa itakayomuuza baadaye haitakuja kuuliza ni nani aliyempa viatu vya kwanza. Hili halizungumzwi sana kwenye nyumba za video, na ni pengo, kwa sababu ndilo jambo pekee la merkato ambalo mtu wa Uvira ana uwezo wa kulibadilisha akiwa hapa hapa. Bei ya Mpanzu hatuipangi sisi. Daftari la wachezaji wa kartie ni letu.

Vita vimeharibu hata hayo. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na klabu za Kivu ambazo zilikuwa ngazi ya kupandia kwa vijana wa huku zikajikuta upande wa pili wa mstari wa vita, mbali na shampiona ya nchi. Dauphins Noirs ya Goma na Bukavu Dawa hazikuwa Mazembe, lakini zilikuwa karibu. Mzazi wa Uvira aliweza kumpeleka mtoto majaribio Bukavu kwa gari kupitia bonde la Ruzizi. Kumpeleka Lubumbashi ni safari ya aina nyingine na mfuko wa aina nyingine.

Kwa hiyo macho yote ya mashariki yamegeukia Lubumbashi na Kindu, na huko kuna mambo. Mazembe, ambao walikuwa mabingwa 2024, waliona taji la 2025 likienda kwa Aigles du Congo, ekipe ya Kinshasa ambayo haikuwahi kulichukua. Wapinzani wao wa mji mmoja, Saint-Éloi Lupopo, wale Cheminots wa reli, ndio wako Ligi ya Mabingwa msimu huu. Walifika makundi kwa njia ambayo bado inasimuliwa: waliifunga Orlando Pirates 3-0 nyumbani, wakafungwa 3-0 kule Afrika Kusini, wakashinda kwa penalti. Sasa wamepangwa pamoja na Mamelodi Sundowns, Al Hilal ya Sudan na MC Alger. Maniema Union wako Kombe la Shirikisho. Mazembe wanatazama kwenye televizio kama sisi, na hilo limewapa watu wa Lupopo wa Uvira, ambao si wengi, sauti kubwa kuliko idadi yao.

Siku hizi, lakini, hata ugomvi wa Mazembe na Lupopo unakatizwa na swali moja: Léopards watafika Kombe la Dunia au hawatafika?

Tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 2025, huko Morocco, Chancel Mbemba aliifunga Kameruni katika dakika za nyongeza, 1-0. Siku tatu baadaye ikaja Nigeria. Walitangulia kufunga mapema kabisa, Meschack Elia akasawazisha, na dakika 120 zikaisha 1-1. Kocha Sébastien Desabre alikuwa amemwingiza kipa Timothy Fayulu mwishoni kabisa kwa ajili ya penalti tu, na penalti ya mwisho ikapigwa na Mbemba mwenyewe. Uvira ililala usiku sana. Wiki chache baadaye vita vilifika mjini, na kwenye Kombe la Afrika wengine walimwona yule mshabiki aliyesimama kama sanamu ya Lumumba, mkono juu, bila kutikisika, kwenye simu za watu wengine wakiwa ukimbizini. Algeria ilitutoa mwezi wa kwanza kwa goli la dakika za mwisho kabisa za nyongeza.

Umebaki mtoano mmoja. Mwisho wa mwezi wa tatu, Guadalajara, Mexico, Kongo itacheza na mshindi kati ya Jamaika na New Caledonia. Tukishinda, kundi ni Ureno, Kolombia na Uzbekistani, na itakuwa mara ya kwanza tangu Zaire ya 1974, ambayo ilifungwa michezo yote mitatu bila kupata goli hata moja.

Hapo ndipo merkato inarudi kwa mlango wa nyuma. Yoane Wissa alihamia Newcastle mwanzoni mwa mwezi wa tisa 2025, akaumia goti akiwa na timu ya taifa siku chache baadaye, na akakosa miezi. Washabiki wanahesabu dakika zake tangu arudi, moja moja. Wanauliza kila mchezaji aliyehama mwezi wa kwanza kama atapata nafasi huko alikokwenda au atakaa kwenye benchi mpaka miguu iwe mizito. Wengine wanataka Desabre aite watu wengi zaidi wa Tanzania na Linafoot, walio na michezo mfululizo. Mimi naona ni hoja nzuri kwa wachezaji wawili au watatu, si zaidi. Kikosi kilichowatoa Kameruni na Nigeria hakivunjwi kwa sababu ya merkato ya mwezi mmoja.

Guadalajara iko nyuma yetu kwa saa nane, na mchezo wa mchana wa kule ni usiku wa hapa. Wenye nyumba za video wameanza kuulizwa kama watafungua, na wao wanauliza nani atachanga mafuta ya jenereta ikiwa umeme utakatika. Juu ya hilo, watu wa Yanga na watu wa Simba bado hawajakubaliana.