Mchezo wa Kubadili Sheria

Katika mpira au katika kisoro, mtu anayegeuza sheria mchezo ukiendelea twamwita mdanganyifu. Lakini uko mchezo mmoja ambao kugeuza sheria ndiko kucheza kwenyewe. Waitwa Nomic. Ulitungwa na Peter Suber, mwalimu wa filosofia huko Marekani, nao ulitangazwa mwaka 1982 na Douglas Hofstadter katika jarida la Scientific American.

Wachezaji huanza na sheria 29. Kila mmoja, zamu yake ifikapo, hutoa shauri: kuongeza sheria, kuifuta au kuitengeneza. Wenzake hujadili, wote hupiga kura, kisha mwenye zamu hurusha dadu na kuandikiwa alama zake. Wa kwanza kupata alama 100 ameshinda; ila hata hiyo yaweza kubadilishwa! Wakibishana juu ya maana ya sheria, mchezaji aliyetangulia zamu huwa mwamuzi, na hukumu yake haitanguliwi mpaka wengine wote wapatane.

Katika mizunguko miwili ya kwanza shauri halipiti wasipokubali wote. Baadaye wengi watosha. Hapo ndipo mchezo unapokuwa mkali, kwa maana wengi huweza kumwonea mmoja. Suber aliliona jambo hilo: anayekataa shauri ambalo limepita hupewa alama 10, na mwenye shauri lililoanguka hupoteza 10. Twaona ni busara kubwa kumpa aliyeshindwa kitu cha kumtuliza.

Tena, sheria 16 kati ya zile 29 ni ngumu. Mojawapo yasema kwamba kila mchezaji ana kura. Haiguswi kabla ya kushushwa daraja, na kuishusha kwataka kura ya wote bila kumkosa hata mmoja. Basi hakuna awezaye kunyang'anywa kura yake pasipo ridhaa yake. Lakini akibembelezwa na kukubali ishushwe, mara moja tu, baadaye wengi wataifuta bila kumwuliza.

Jambo hili si la mchezo tu. Suber alikuwa akichunguza swali gumu la wanasheria: je, sheria ielezayo namna ya kubadili sheria yaweza kujibadili yenyewe? Tazameni Katiba ya Kongo ya 2006. Kifungu cha 220 chakataza kugeuza idadi na muda wa vipindi vya Rais, uhuru wa mahakama, na mambo mengine kadhaa. Katika orodha hiyo, kifungu cha 220 hakikujitaja chenyewe. Je, mlinzi huyo analindwa na nani? Hata wanasheria hubishana juu ya vifungu vya namna hii.

Wanafunzi wanaotaka kujaribu wahitaji karatasi, kalamu na dadu moja tu. Na sheria zikifungamana hata mchezo usiweze kuendelea? Mchezaji wa kwanza asiyeweza kuimaliza zamu yake ndiye mshindi.