Mfuko Mdogo wa Dawa na Kipimo cha Uvumbuzi

Mtoto anayezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi huhitaji dawa ya kinga mapema baada ya kuzaliwa. Mama akijifungulia nyumbani katika kijiji kama Kalemela, mkoani Simiyu, dawa hiyo lazima iwe imemtangulia mtoto. Tatizo ni chombo: dawa ya maji ikitolewa kwenye chupa na kuwekwa katika kikombe au bomba la sindano haikai muda mrefu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiongozwa na Robert Malkin, walibuni Pratt Pouch, mfuko wa utando wa plastiki na alumini unaohifadhi dozi moja kwa hadi miezi 12.

Mtu akiuona huuliza: je, hii si pakiti ya tomato sosi tu? Swali hilo ndilo kiini cha sheria ya hataza. Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1987 hutaka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi na uweze kutumika viwandani. Upya pekee hautoshi. Hatua ya kiuvumbuzi ipo iwapo mtaalamu wa kawaida wa fani husika, akiyajua yote yaliyokwisha kutangazwa, asingeiona kuwa jambo la wazi siku ombi lilipowasilishwa.

Mpimaji wa mfuko kama huu huanza na yanayojulikana: alumini huzuia mwanga, hewa na unyevu, polithini hufungika kwa joto. Hoja ya upinzani ni nzito. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kuwa kuunganisha vitu vinavyojulikana ili vitoe matokeo yaliyotarajiwa kwa kawaida ni jambo la wazi. Mwombaji naye hujibu kwa ushahidi: je, wataalamu waliamini kuwa dawa ingeharibika ikigusa utando? Je, mpangilio wa tabaka ulileta matokeo yasiyotarajiwa? Haja iliyodumu miaka mingi bila jawabu humsaidia pia. Mpimaji ajihadhari, kwani kitendawili kikishateguliwa huonekana chepesi.

Uamuzi huo humgusa mgonjwa. Hataza isiyostahili humpa mtu mmoja ukiritimba juu ya maarifa ya wote, na bei yaweza kupanda. Inayostahili ikinyimwa, mbunifu hukosa sababu ya kugharimia majaribio. Mhudumu wa afya aliyebuni kifungashio atunze kumbukumbu, hata za majaribio yaliyoshindwa, na awaone BRELA kabla ya kukitangaza kongamanoni. Mama naye asihamishie dawa katika chombo kingine, bali afuate maelekezo ya kliniki.