Mtoto Asomee Nyumbani, Lakini Nani Akague Daftari?

Kumsomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, na wanaofanya hivyo si walokole wa mashambani peke yao. Korona ilipofunga shule, ofisi ya sensa iliuliza kaya zenye watoto wa umri wa shule. Kuanzia masika hadi vuli ya 2020, zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1, na kwa kaya za Wamarekani weusi, kutoka 3.3 hadi 16.1. Ama Mazama wa Chuo Kikuu cha Temple, aliyewahoji wazazi weusi miaka kadhaa kabla ya hapo, alikuta wengi wakitaja ubaguzi wanaokutana nao watoto wao darasani. Mzazi wa namna hiyo huwezi kumwambia anaichezea elimu.

Watetezi hupenda kusema watoto hawa hufaulu kuliko wenzao, na hapo ndipo ninaposita. Utafiti wanaoutaja mara nyingi, wa Lawrence Rudner wa mwaka 1998, ulihusisha watoto zaidi ya 20,000, na alama zao zilikuwa za juu kweli. Lakini hao walikuwa watoto wa familia zilizojitokeza kupima. Ni kama kukadiria afya ya mji kwa kuwapima wakimbiaji wa marathoni. Rudner mwenyewe alionya kwamba matokeo yake hayathibitishi ubora wa nyumbani juu ya shule. Aliyekaa kimya hatumjui, na katika jimbo kama Texas hakuna wa kumuuliza: mzazi ambaye hajawahi kumwandikisha mtoto shuleni halazimiki kuiarifu ofisi yoyote.

Wazazi hujibu kwamba serikali iliyoshindwa na shule zake haina uso wa kukagua za watu. Hoja ina uzito, ila tumejua shule zimeshindwa kwa sababu zinapimwa na matokeo kutangazwa. Nchi nyingine, kama Ujerumani, zimepiga marufuku kabisa kusomesha nyumbani, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kuwasikiliza wazazi waliopinga. Hilo nalo ni kupita kiasi, kwani linamfungia njia hata mtoto anayeonewa shuleni kila siku. Hofu kwamba mtoto wa nyumbani atakosa marafiki hainisumbui sana. Mtoto ana majirani, timu za mpira na nyumba za ibada.

Jimbo la Pennsylvania limepata njia ya kati, baina ya kutouliza kabisa na kupiga marufuku. Mzazi huwasilisha kiapo cha maandishi kabla ya kuanza, hutunza kumbukumbu ya vitabu vilivyosomwa pamoja na sampuli za kazi za mtoto, naye mtoto hufanya mtihani sanifu darasa la 3, la 5 na la 8. Kila mwaka mtu mwenye sifa, mwalimu mwenye cheti kwa mfano, hukaa na mtoto, hupitia kazi zake na kuthibitisha kwa maandishi kama amesoma ipasavyo. Mkaguzi huyo huchaguliwa na mzazi mwenyewe, na jalada la kazi halipelekwi serikalini. Kinachopelekwa ni uthibitisho tu.