Je, Wajua? Hilux Kuukuu, Pikapu Inayojua Kuharibika

Je, wajua kwamba mwaka 2003 watangazaji wa Top Gear, kipindi cha magari cha televisheni ya Uingereza, walinunua Toyota Hilux kuukuu kwa pauni 1,000 kwa nia moja tu, kuiua? Ilikuwa pikapu ya dizeli ya mwaka 1988, nayo ilikuwa imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000. Waliigongesha mti, wakaiacha ufukweni mpaka maji yakajaa na kuifunika, wakaiangushia karavani, wakaipiga kwa tufe la chuma la kubomolea majengo, kisha wakaitia moto. Mwishowe waliipandisha juu ya ghorofa lililokuwa likingoja kubomolewa kwa baruti, wakalilipua ghorofa lenyewe. Ilipofukuliwa kwenye kifusi, mafundi waliishughulikia kwa zana za kawaida. Spea pekee waliyoruhusiwa ilikuwa kioo cha mbele. Ikawaka.

Watazamaji wengi waliondoka wakiamini kwamba Hilux haiharibiki. Hilo si kweli, na fundi yeyote wa gereji bubu pale Ilala, au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, atakwambia hivyo. Hata ile ya Uingereza iliharibika, tena mara kadhaa. Kilichoiokoa ni aina ya ubovu wake: ulionekana kwa macho, ulifikika kwa mkono, na ulitengenezeka kwa spana. Hapo ndipo ilipo raha ya kumiliki pikapu ya zamani, na karaha yake pia.

Ilikotoka

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwezi Machi 1968. Ilibuniwa na kuundwa na Hino, kampuni iliyokuwa imeingia ubia na Toyota muda mfupi kabla ya hapo. Ilikuwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,490, kiti kimoja kirefu cha mbele cha kukaa watu watatu, na uwezo wa kubeba tani moja. Mwaka 1979 ikaongezwa ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kizazi cha nne kilianza mwaka 1983, cha tano kikaanza 1988 na kuendelea hadi 1997. Hivi viwili vya mwisho ndivyo watu wetu wanavyovikusudia wanaposema "Hilux ya zamani". Hata Volkswagen ya Ujerumani iliikubali: kuanzia mwaka 1989 iliiunda pikapu hiyohiyo kiwandani kwake Hannover na kuiuza kwa jina la Taro.

Japani, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha gari upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Kwa hiyo gari lililotumika kule liliweza kushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa na kuingia kazini bila kuguswa. Nchini Kenya mlango huo sasa umefungwa kwa magari ya umri huu, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kila Hilux ya mwaka 1990 unayoiona barabarani Kenya ni mkongwe aliyekuwa nchini siku nyingi.

Chasisi na mgongo

Ukichungulia chini ya pikapu hii utaona mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Hiyo ndiyo chasisi. Injini, kabini na bodi ya mzigo vyote vimefungwa juu yake kwa bolti, kila kimoja peke yake. Bodi ikioza, hung'olewa, na mchomeleaji wa mtaani akaunda nyingine ya chuma au ya mbao. Ndiyo maana pikapu hukubali kugeuzwa vyovyote. Zanzibar, magari madogo ya namna hii yamewekewa mabenchi na paa la mbao yakawa daladala. Kutoka Meru, Hilux zilizojazwa miraa zimejulikana kwa mbio zake za kuwahi soko la Nairobi kabla majani hayajanyauka.

Nyuma kuna springi za mabamba, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Zimepimwa kwa mzigo wa tani, si kwa abiria wawili. Gari likiwa tupu, hurushwarushwa kwenye kila shimo. Likibeba magunia kumi ya saruji, hutulia. Kwa sababu hiyo mwenye pikapu ya zamani huona safari ya kurudi bila mzigo ikimuumiza mgongo kuliko ya kwenda.

Hapa kuna jambo ambalo wamiliki wengi hawalijui. Hilux nyingi za kizazi hicho zina vali ya breki iliyofungwa karibu na ekseli ya nyuma na kuunganishwa nayo kwa fimbo. Mzigo ukishusha bodi, fimbo husogea, na vali hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Bodi ikiinuka, vali huchukulia gari ni tupu na kupunguza nguvu hiyo, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Sasa mwenye gari anataka kubeba zaidi, anamwambia fundi aongeze bamba moja au mawili. Bodi inapanda juu. Vali inadhani gari halina kitu, ilhali limebeba tani moja na nusu, na breki za nyuma zinafanya kazi nusunusu kwenye mteremko. Fundi mzuri akiongeza springi hurekebisha na fimbo hiyo. Asiyejua huiacha, au huing'oa kabisa.

Injini isiyo na cheche

Injini zilizojenga jina la Hilux kwetu ni za dizeli, hasa 2L yenye sentimita za ujazo 2,446 na 3L yenye 2,779. Si za mbio: 3L hutoa nguvu za farasi zipatazo 90, pungufu ya magari mengi madogo ya leo. Hazina plagi za cheche. Pistoni huikandamiza hewa hadi kama sehemu moja ya ishirini na mbili ya ujazo wake, hewa inapata joto la kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo hujiwakia yenyewe. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini kwa nguvu ya mitambo, bila kompyuta. Umeme unaohitajika injini ikishawaka ni ule mdogo unaoshikilia swichi ya mafuta kwenye pampu. Betri ikiishiwa nguvu za kuzungusha stata, vijana wanne na gia ya pili hutosha kuliwasha.

Siri ya wingi wa spea zake imo katika Hiace. Injini hizihizi za 2L na 3L, pamoja na 5L iliyofuata, zilifungwa kwenye Hiace, zile zilizokuwa vipanya vya Dar es Salaam na matatu za Kenya. Daladala likichakaa bodi, injini yake hupata maisha mapya ndani ya pikapu. Spea zilizotumika hupatikana Gerezani jijini Dar es Salaam na Kisekka jijini Kampala, na nyingine huja kwa makontena kutoka Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako magari hukatwa vipande na kuuzwa.

Karaha zake

Karaha ya kwanza huja alfajiri. Dizeli hutegemea joto la mkandamizo, na ringi za pistoni zikichakaa hewa huvuja, joto halifiki. Njombe au Limuru, asubuhi ya baridi, plagi za kupashia moto nazo zikiwa zimekufa, stata itazunguka mpaka betri ichoke. Moshi wake husema mengi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: kagua chujio la hewa na nozeli. Wa buluu maana yake oili inaungua. Mweupe wakati wa kuwasha ni dizeli isiyoungua, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, tena maji ya rejeta yakipungua, shika moyo: huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda.

Hilo la maji ndilo gonjwa kubwa. Injini hizi huvumilia mengi ila si joto la kupita kiasi. Silinda hedi hupinda au kupasuka. Chanzo mara nyingi ni uchumi wa uongo. Mtu anatia maji ya bomba badala ya kipozeo cha injini (coolant), njia za rejeta zinaziba kwa kutu na magadi, gari linachemka, kisha fundi anang'oa themostati "lipoe". Linapoa kweli, na kupita kiasi: injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, dizeli haiungui vizuri, na silinda zinalika mapema.

Karaha ya pili ni mkanda wa taiming. Katika 2L na 3L, mkanda huo wa mpira ndio unaofanya vali na pistoni zipishane. Ukikatika, hugongana, na bei ya mkanda inageuka kuwa bei ya oveholi. Toyota iliweka taa kwenye dashibodi ya kukumbusha ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba katika gari la miaka 30 balbu imeungua, au mita ya kilomita ilisimama zamani. Walio na Hilux ya petroli yenye injini ya 22R hawana mkanda, wana mnyororo. Nao huongozwa na vipande vya plastiki ambavyo hukauka na kuvunjika. Ukisikia mkwaruzo upande wa mbele wa injini unapowasha, usingoje. Mnyororo uliolegea hukata kifuniko chake mpaka ukafikia njia ya maji, na maji yakaingia kwenye oili.

Ya tatu ni kutu. Bara pikapu hufa kwa kazi. Pwani hufa kwa chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi, na kutu ni mmenyuko wa kikemikali unaotegemea umeme huo, hivyo chuma hulika upesi. Pikapu inayobeba samaki au mchanga wa ufukweni Tanga au Malindi huoza ndani ya chasisi, mahali ambapo jicho halifiki.

Ya nne haihusiani na chuma. Mwenye pikapu hakosi jamaa. Kuna mwenzio anahama, kuna viti vya harusi, kuna jeneza la kusafirisha kijijini, kuna mgonjwa usiku wa manane. Mafuta hurejeshwa mara chache, bamba la springi lililovunjika harejeshi mtu.

Na lisemwe wazi: gari hili halina mifuko ya hewa, na nyingi hazina breki za kisasa zinazozuia magurudumu kujifunga. Uimara wa injini si usalama wa abiria. Watu kumi nyuma ya bodi bila mkanda hawalindwi na sifa ya Toyota.

Raha zake

Basi kwa nini watu hawaziachi? Kwanza, kwa sababu seti ndogo ya spana, namba 10, 12, 14, 17 na 19, hufungua sehemu kubwa ya gari. Gari jipya likigoma njiani kati ya Dodoma na Iringa, linahitaji kompyuta ya kusoma kosa lake. Hilux ya zamani huhitaji mtu mwenye masikio. Fundi ataulizia tatizo lilianza lini, atafungua mrija wa dizeli kwenye nozeli moja baada ya nyingine injini ikiunguruma, na silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo yenye ubovu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuharibika kwa pikapu hii si mwisho wa safari.

Pili, humfundisha mwenyewe. Baada ya muda anajua klachi inayoteleza inanuka vipi, beringi ya gurudumu inayokufa inaimba vipi, difu iliyokauka oili inalia vipi. Ujuzi huo haununuliwi, na humfanya awe mgumu kudanganywa na muuza spea feki.

Tatu, hujilipa. Gari likishatimiza miongo mitatu, bei yake haishuki tena kwa kasi. Tani moja ya mahindi, matofali au maji humwingizia mwenye gari fedha leo kama ilivyofanya gari lilipokuwa jipya.

Kabla hujanunua

Fika asubuhi bila taarifa, gusa boneti: ikiwa ya moto, muuzaji ameliwasha kabla yako ili kuficha tatizo la baridi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Hewa ikipuliza kwa nguvu, ringi zimekwisha. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia zinaposhikwa springi za nyuma. Mlio wa bati ni kutu. Angalia maji ya rejeta kama yana mafuta juu yake. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, maana injini nyingi zimebadilishwa na si zote zimeandikishwa. Ukishalipa, badilisha mkanda wa taiming, oili na vichujio vyote kabla ya kubeba mzigo wowote, hata muuzaji akiapa kwamba alibadilisha jana.

Na kama huna fundi unayemwamini, wala huna hamu ya kujifunza kushika spana, nunua gari jingine, maana hili litakufilisi. Ukiwa na kimojawapo, Hilux ya mwaka 1990 bado itabeba tani yake.