Tabibu wa Meno Hana Mita Moja Unusu

Baada ya Machi 13, 2020, siku ambayo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona humu nchini, tuliamriwa tukae mbalimbali kwa mita moja unusu. Karani aliitii amri hiyo, na hata mhubiri akaridhia. Je, tabibu wa meno angeitii vipi? Kazi yake hufanyika shubiri moja au mbili kutoka kinywani mwa mgonjwa, na mgonjwa huyo hawezi kuvaa barakoa huku amepanua kinywa.

Isitoshe, mashine ya kutobolea jino huweza kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Maji yanayoipoza huchanganyika na mate, yakatawanyika hewani mithili ya ukungu. Ndiposa Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba, pale ugonjwa ulipokuwa umeenea, huduma za meno zisizo za dharura ziahirishwe.

Ushauri huo ulikuwa wa busara, lakini jino halingoji. Usaha uliojaa chini ya jino waweza kuenea hadi shingoni na kuziba njia ya pumzi. Nani basi wa kuamua kwamba maumivu haya ni dharura na yale yasubiri? Aghalabu mzigo huo ulimwangukia tabibu, naye hakujua kama aliyeketi mbele yake ana virusi, kwani wengi walioambukizwa hawakuonyesha dalili yoyote. Jioni alirejea kwa watoto wake akiwa na shaka ile ile.

Huku kwetu shaka hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Bungoma imo katika barabara kuu iendayo Malaba, nayo Kitale iko njiani kuelekea Lodwar na Sudan Kusini. Mwaka 2020, madereva wa malori walipokuwa wakipimwa mipakani, nani angeweza kujua ni nani aliyekutana na nani kando ya barabara hizo?

Wapo wanaodhani kwamba mhudumu wa afya mwenye hofu ni mwoga. Mimi sikubaliani nao. Hofu ya tabibu wa meno ilitokana na elimu yake: aliijua hatari kutushinda sisi sote.

Ukimwi ulikwisha kutufunza somo hili. Katika miaka ya 1980 wataalamu walishauri kwamba damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kana kwamba ina virusi, na glavu zikawa desturi katika kliniki za meno. Tabibu hakuhitaji tena kukisia nani mgonjwa na nani mzima. Kilichompunguzia shaka hakikuwa ushujaa, bali kanuni na vifaa.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Hapana budi, basi, Trans Nzoia na Bungoma ziweke akiba ya barakoa za N95, ngao za uso na mashine za kufyonza mate, tena ziandike mapema ni maradhi yapi ya kinywa yatatibiwa bila kuahirishwa. Mwaka 2024 homa ya nyani iliingia nchini, nayo ikatukumbusha kwamba maradhi hayabishi hodi. Tusimwombe tabibu ujasiri ilhali tumemnyima glavu.