Shilingi, pamba na dhahabu: Dola ikipanda Mara inapata nini? (Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi dola zinavyoishusha shilingi zinapoadimika na kuipandisha zinapojaa. Leo twende Bunda na Butiama, mkoani Mara, tuone hesabu hiyo inavyomfikia mkulima wa pamba na mchimbaji mdogo.

Bei ya pamba haipangwi Bunda. Msingi wake ni masoko ya dunia, hasa New York, na huko inatajwa kwa dola. Tuseme kilo ya pamba nyuzi inauzwa dola 1.80. Dola ikiwa Sh2,700, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba anapata Sh4,860. Ikiwa Sh2,450, anapata Sh4,410. Zimepotea Sh450, na mnunuzi wa nje hajapunguza hata senti. Kwa kuwa kilo moja ya nyuzi hutokana na takribani kilo tatu za pamba mbegu, kila kilo inayopimwa kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) imebeba pengo la Sh150. Mfano huu hauko mbali na yaliyotokea: mwaka 2024 dola ilivuka Sh2,700, kisha Desemba ikateremka hadi karibu Sh2,400.

Je, mkulima aombe shilingi ishuke? Asiharakishe. Viuatilifu na dizeli navyo hununuliwa nje kwa dola, na yeye huuza mara moja kwa mwaka lakini hununua mwaka mzima.

Tena kuna riba. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Wenye fedha wakakimbilia dola, dola ikapata nguvu. Viwanda vya nguo vya Asia vikajikuta vinalipa zaidi kwa sarafu zao, na wafanyabiashara wanaohifadhi mzigo kwa mkopo wakaona riba inakula faida. Hofu ya uchumi wa dunia kudorora ikaongeza uzito. Pamba iliyovuka dola 1.50 kwa ratili New York mwezi Mei 2022 ilikuwa chini ya dola moja kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana dola yenye nguvu mara nyingi humpa mkulima kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Riba ya nyumbani nayo ina sehemu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba elekezi Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi asilimia 6 mwezi Aprili, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Mnunuzi wa pamba hukopa ili alipe wakulima ndani ya msimu mfupi. Mkopo ukiwa ghali, gharama hiyo huitafuta bei ya shambani.

Dhahabu hufuata njia yake. Kuanzia 2022 hadi 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, hata riba zilipokuwa juu. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000. Benki Kuu yetu nayo hununua dhahabu ya ndani ili kukuza akiba ya taifa. Kwa hiyo dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, husaidia kuipa shilingi nguvu, na nguvu hiyohiyo hupunguza shilingi anazopata jirani wa Bunda kwa pamba yake.

Mvutano huu ni wa zamani. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikataa kushusha shilingi kwa kiwango lilichotaka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Baada yake, mwaka 1986, dola ilitoka takribani Sh17 hadi Sh40.

Basi msomaji, kabla ya msimu uliza mambo matatu: bei ya pamba New York, bei ya dola na riba ya benki. Ukijua moja tu, hujajua kitu. Sehemu ya tatu itahusu sangara wa Musoma na soko la Ulaya.